Swali la mtihani lililosimamisha ujenzi wa ukuta wa ufukweni

Karatasi za mtihani zinaporudi nyumbani, macho ya wazazi wengi huenda moja kwa moja kwenye kona ya juu ya ukurasa, pale mwalimu alipoandika alama kwa kalamu nyekundu. Zikiwa nzuri, mtoto anapongezwa. Zikiwa mbaya, anaulizwa huwa anafanya nini shuleni siku nzima. Swali lenyewe, na namna mtoto alivyolifikiria, mara nyingi halisomwi na mtu yeyote.

Kwa familia moja ya Tegeta, jijini Dar es Salaam, karatasi moja ilisomwa mpaka mstari wa mwisho. Ilikuwa ya Jiografia, kidato cha tatu, na binti wa familia hiyo alikuwa amepata alama 2 kati ya 10 katika swali la mwisho.

Baba yake ni fundi mwashi. Mama yake anapika na kuuza chakula karibu na kituo cha daladala. Wote wawili waliishia darasa la saba. Tangu binti yao alipoingia sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, walikuwa wameacha kukaa naye mezani wakati wa kazi za shule. Waliona hawana cha kumsaidia.

Safari hii hawakuvutwa na alama. Swali lilihusu ukuta wa mawe ufukweni, na baada ya wiki mbili baba alitarajiwa kuanza kujenga ukuta wa namna hiyohiyo.

Swali lilikuwa hivi

Kwa Kiswahili chepesi, swali lilisema: mmiliki wa hoteli alijenga ukuta wa mawe kuanzia ufukweni kwake na kuingia baharini. Baada ya miaka mitatu, ufukwe wa hoteli, ulio kusini mwa ukuta, ulikuwa umepanuka. Ufukwe wa jirani, ulio kaskazini mwa ukuta, ulikuwa umeliwa na maji hadi miti ikaanza kuanguka.

Mwanafunzi alitakiwa kuchagua sababu moja kati ya nne. Ya kwanza, ukuta ulivuta mchanga mpya kutoka kina kirefu cha bahari. Ya pili, jirani alichimba mchanga kwenye ufukwe wake. Ya tatu, ukuta ulizuia mchanga uliokuwa ukisafiri kwenda kwa jirani. Ya nne, maji ya bahari yaliongezeka.

Kisha likafuata swali dogo: je, jirani naye ajenge ukuta wake? Eleza.

Binti alichagua sababu ya nne. Kwenye swali dogo aliandika kwamba ndiyo, jirani ajenge, na tatizo litakwisha. Alama 2 alizopata zilitokana na istilahi moja ya Kiingereza ya mwendo wa mchanga kando ya pwani, ambayo aliiandika katikati ya maelezo yake bila kukosea hata herufi moja.

Neno bila picha

Mama ndiye aliyeanza. Alikuwa anachambua mchele wa siku ya pili, sinia likiwa mapajani.

"Hilo neno ulilopewa tiki lina maana gani?"

Binti akalieleza kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayesoma shairi alilokariri.

"Kwa Kiswahili, mwanangu."

Binti akanyamaza. Baadaye akasema, "Ni mchanga kutembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

Hakujua. Alijua jina la jambo, lakini hakuwa na picha ya jambo lenyewe kichwani. Ndiyo maana alipokutana na hoteli, ukuta na jirani, lile neno halikumsaidia kitu. Aliliandika tu kwa kuwa lilikuwa kwenye daftari chini ya mada ya pwani.

Wazazi wengi wenye watoto sekondari wanaifahamu hali hii. Mtoto anataja istilahi tano kwa mfululizo, mzazi anajiona mjinga mbele yake na kuondoka. Lakini kumwambia mtoto aeleze kwa lugha ya nyumbani ni kipimo ambacho hata mzazi asiyejua somo anaweza kukitumia. Akishindwa, hajalielewa bado. Akiweza, Kiingereza kitafuata.

Baba alikuwa amekaa mlangoni akisafisha mwiko wake wa kazi. Alipokuwa kijana, kabla hajajifunza uashi, alikwenda baharini na kaka yake kwa miaka kadhaa. Aliposikia mchanga unatembea, akageuka.

"Hilo mbona la kawaida, mama," alimwambia binti yake. "Kusi ikivuma, mchanga unakwenda kaskazini. Kaskazi ikivuma, unarudi kusini. Kusi ina nguvu na inakaa muda mrefu, kwa hiyo mchanga unaokwenda ni mwingi kuliko unaorudi."

Alichokisema ndicho kinachotokea katika pwani hii. Upepo wa kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi hivi, na kaskazi hutawala kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu. Mawimbi hufuata upepo. Kwa jumla ya mwaka, mchanga wa fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam huelekea zaidi upande wa kaskazini.

Sinia la mchele

Binti aliuliza swali zuri: upepo unasukumaje mchanga uliolowa maji?

Baba akaomba lile sinia. Akasogeza mchele ukawa mstari mwembamba karibu na ukingo, akasema ukingo ndio nchi kavu na katikati ya sinia ndiko baharini. Akaweka kiganja, akausukuma mchele kuelekea ukingoni kwa mshazari, siyo kwa kunyooka. Kisha akauvuta kurudi katikati kwa mstari ulionyooka.

"Wimbi linakuja kwa upande, kwa sababu upepo unalisukuma kwa upande. Lakini maji yakirudi, yanateremka tu kama maji ya bati. Hayakumbuki yalikotoka."

Akarudia mara kumi. Kila mara punje zilipanda kwa mshazari na kushuka kwa kunyooka, na kila mara zilikuwa zimesogea kidogo upande wa kulia. Baada ya muda, mchele uliokuwa kushoto ulikuwa umefika katikati, na uliokuwa katikati umefika kulia.

Mama akachomeka mwiko wa kupikia katikati ya njia, ukiwa umetoka ukingoni kuelekea katikati ya sinia. "Huo ndio ukuta wa hoteli," alisema.

Baba akaendelea. Upande wa kushoto, punje zikaanza kurundikana nyuma ya mwiko. Upande wa kulia, punje ziliendelea kusogea kwenda mbali kama kawaida, ila hakuna zilizokuja kuchukua nafasi yake. Pembeni ya mwiko pakabaki bati tupu.

Binti aliitazama ile sehemu tupu. "Hapo ndipo kwa jirani," alisema.

Hakuna aliyemwambia jibu. Aliliona.

Kuondoa majibu moja baada ya jingine

Hata hivyo mama hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini yale majibu mengine matatu si sahihi. Kama ni suala la kuchagua tu, alisema, hata mtu aliyefumba macho anaweza kubahatisha.

Wakayapitia. Jibu la nne, alilolichagua binti, lilisema maji ya bahari yaliongezeka. Binti alijitetea: mwalimu alifundisha kwamba bahari inapanda kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Hilo ni kweli. Kati ya mwaka 1901 na 2018, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na unaendelea kupanda.

"Sawa," alisema mama. "Bahari ikipanda, inapanda kwa jirani peke yake?"

Hapo ndipo jibu la nne lilipoanguka. Hoteli na jirani wako kwenye bahari moja, wanapata maji kujaa na kupwa saa zilezile, na bamvua likija linawajia wote. Jambo linalowapata wote wawili kwa usawa haliwezi kuwa sababu ya mmoja kupata na mwingine kukosa. Swali lilihusu tofauti kati ya pande mbili, na kilichozitenganisha ni ukuta.

Jibu la pili, kwamba jirani alichimba mchanga, lingeweza kueleza kwa nini ufukwe wake umepungua. Lakini halielezi kwa nini ufukwe wa hoteli umepanuka. Tena, hakuna mahali popote kwenye swali palipotaja uchimbaji. Hilo ni kosa la kawaida la watahiniwa: kujibu kwa kisa walichokileta wenyewe.

Jibu la kwanza, mchanga kutoka kina kirefu, lingeweza kueleza kupanuka kwa ufukwe wa hoteli. Lakini linamwacha jirani bila maelezo.

Jibu la tatu peke yake linaeleza pande zote mbili kwa pamoja. Mchanga ulioongezeka kwa hoteli ndio ule uliotakiwa kufika kwa jirani.

Binti akaandika pembeni ya karatasi, kwa Kiswahili: "Jibu lieleze kila kitu kilichomo kwenye swali, lisiongeze ambacho hakimo." Ni kanuni ambayo ingemsaidia pia katika Biolojia na Historia.

Jirani ambaye hakutajwa

Lilibaki swali dogo, na hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya shule.

Kaka mkubwa wa baba, ambaye binti humwita baba mkubwa, ana banda la chakula na vinywaji kwenye ufukwe ulio kaskazini mwa jiji. Kwa miaka kadhaa bahari imekuwa ikimkaribia. Mnazi wa mwisho mbele ya banda lake uling'oka wakati wa kusi iliyopita. Ndugu walikuwa wamekaa na kukubaliana kuchanga shilingi 300,000 kila mmoja, na mdogo wake fundi angejenga ukuta wa mawe kutoka bandani hadi ndani ya maji, kama zilivyo kuta nyingine ambazo watu wameziona kwenye fukwe hizo. Fundi asingelipwa kiasi anachowatoza wateja wengine, lakini angepata chochote, na miezi hiyo kazi zilikuwa chache.

Binti aliuliza, bila ubaya wowote, "Kaskazini mwa banda la baba mkubwa kuna nani?"

Kuna eneo ambapo wavuvi huvuta ngalawa zao, na vibanda vya kina mama wanaokaanga samaki. Wazazi wote wawili walilijua eneo hilo. Katika vikao vyote vya familia kuhusu ukuta, hakuna mtu aliyewahi kulitaja. Wasingetaja jambo ambalo hawakujua kuwa linahusika. Waliamini ukuta unaizuia bahari, na bahari haina mwenyewe.

Sasa walikuwa na sinia mbele yao. Ukuta haukuzuia bahari. Ulizuia mchanga, na mchanga ulikuwa njiani kwenda kwa watu.

Je, wavuvi nao wajenge ukuta wao, kama binti alivyoandika kwenye mtihani? Baba akachomeka kijiko upande wa kulia wa mwiko, akaendelea kusukuma. Nyuma ya kijiko palipata punje chache, na mbele yake pakawa patupu. Kila aliyejenga alimsogezea tatizo anayefuata, na wa mwisho kwenye mstari alibaki na bati.

Jambo hili limewahi kutokea kwa ukubwa ambao familia haiwezi kuufikia. Huko Togo, bandari ya Lomé ilijengwa miaka ya 1960 ikiwa na gati refu la mawe lililoingia baharini. Katika pwani ile mchanga husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi wa bandari ufukwe ulipanuka sana. Upande wa mashariki, kwa miaka iliyofuata, bahari ilikula vijiji, minazi na barabara, na nchi hiyo imekuwa ikigharamia kuta na mawe ya kuzuia maji hadi leo.

Hapa nyumbani, ukanda wa Kunduchi umekuwa mfano wa darasani kwa miongo mingi. Hoteli zilijenga kuta za mawe zinazoingia baharini, na mtu akitembea hapo maji yakiwa yamekupwa anaweza kuona mwenyewe upande gani wa kila ukuta una mchanga na upande gani hauna.

Mchanga hutoka wapi?

Swali la mwisho la binti ndilo lililomgusa baba kuliko yote. Kama mchanga unasafiri siku zote kwenda kaskazini, kwa nini fukwe hazikuisha zamani? Lazima kuna mahali mchanga mpya unaingilia.

Mahali hapo ni mitoni. Mito midogo kama Tegeta na Mbezi, ambayo kiangazi huonekana kama mifereji mikavu, wakati wa masika huteremsha mchanga kutoka bara hadi baharini. Huo ndio chakula cha fukwe. Sehemu nyingine ya mchanga hutokana na matumbawe na makombe yaliyosagika.

Kwa miaka mingi mchanga wa mito hiyo umechimbwa kwa ajili ya ujenzi. Wataalamu waliochunguza mmomonyoko wa fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam wameutaja uchimbaji huo kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Sababu nyingine ni kukatwa kwa mikoko na kuharibiwa kwa matumbawe, hasa kwa uvuvi wa baruti, kwa sababu mwamba wa matumbawe hulipunguza wimbi nguvu kabla halijafika ufukweni.

Baba amenunua mchanga wa mtoni maisha yake yote ya kazi. Anajua bei ya tripu moja, anajua upi una udongo na upi ni msafi. Nyumba alizojenga hawezi kuzihesabu. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kwamba hata mchanga wa kujengea huo ukuta wa kaka yake ungetoka hukohuko.

Familia hiyo haikuligeuza jambo hilo kuwa kesi. Watu wanahitaji nyumba, na fundi anahitaji kazi. Lakini mtoto alikuwa ameuliza swali la kweli, na baba hakumzima kwa kumwambia anauliza sana. Alimjibu kwamba mchanga wa dukani unatakiwa kutoka machimbo yenye kibali, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuuliza. Kuanzia sasa ataanza kuuliza.

Kikao cha Jumapili

Kumwambia kaka mkubwa kwamba ukuta wake ni kosa si jambo jepesi. Mdogo alikwenda Jumapili asubuhi, akasalimia, akakaa, akanywa chai kwanza. Alikuwa amefuatana na binti, na karatasi ya mtihani ilikuwa kwenye mkoba.

Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa hasira, "Kwa hiyo mimi niliwe na bahari kwa ajili ya karatasi ya mtoto?"

Hasira yake ilikuwa na haki yake. Ni yeye aliyekuwa anapoteza. Banda lile ndilo lililosomesha watoto wake, na kumwambia ajali ufukwe wa jirani wakati wake unaondoka ni sawa na kumwambia mtu mwenye njaa agawe sahani.

Mdogo hakubishana. Alimwomba watembee. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaelekea kusini hadi kwenye ukuta wa mawe wa zamani uliojengwa na mtu mwingine. Upande mmoja mchanga ulikuwa juu, karibu sawa na kichwa cha ukuta. Upande wa pili ulikuwa chini kiasi kwamba binti aliposimama pale, kichwa chake hakikufika usawa wa mchanga wa upande wa kwanza. Mizizi ya mti ilikuwa inaning'inia hewani.

"Na kwangu ni upande huu wa chini," alisema baba mkubwa taratibu. Banda lake liko kaskazini mwa ukuta huo. Kwa mara ya kwanza alijiona yeye mwenyewe kama yule jirani wa kwenye swali.

Alikuwa na wazo jingine: basi wajenge ukuta wa kulala, sambamba na maji, usioingia baharini. Hapo fundi alijibu kwa ufundi wake. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi na nguvu na kuchimba mchanga chini ya msingi. Baada ya miaka, ukuta unabaki na ufukwe unaondoka, kisha ukuta nao unaanza kuinama. Wateja wanakuja bandani kwa sababu ya mchanga. Wakikuta ukuta na maji, wataenda kwingine.

Hii haina maana kwamba kila ukuta wa baharini ni kosa. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta mpya kando ya Barabara ya Barack Obama, ambayo zamani iliitwa Ocean Road, kwa sababu bahari ilikuwa inaitishia barabara ya umma. Kazi kama hiyo hufanyika kwa tathmini ya wahandisi na wataalamu wa bahari, na kwa kupima nini kinalindwa na nani ataathirika. Ukuta wa mchango wa ndugu, uliochorwa na fundi kwa macho, haujafanyiwa tathmini hiyo. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, na miradi ya namna hii inatakiwa kupita kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Familia ingeweza kumaliza fedha zake, kisha ikaamriwa kubomoa.

Walikubaliana kwa shingo upande. Fedha zilizochangwa zitatumika kulivunja banda na kulisogeza nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kwa mbao na makuti badala ya tofali, ili likihitaji kusogezwa tena lisogezwe. Majani yanayotambaa juu ya mchanga, ambayo wahudumu walikuwa wanayang'oa kila asubuhi ili pawe safi, yataachwa, kwa kuwa yanashika mchanga. Nafasi ya meza sita itapotea. Fundi naye amekosa kazi ya wiki tatu.

Baba mkubwa hakushukuru, na hana hakika kama bahari itamwacha. Lakini siku iliyofuata alikwenda kwa kina mama wakaanga samaki, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu suala la ukuta lianze. Nao walikuwa na mpango wa kupanga viroba vya mchanga mbele ya vibanda vyao, na mchanga wa kujazia walipanga kuuchota palepale ufukweni.

Anachoweza kufanya mzazi

Alama 2 za binti hazikubadilika. Aliandika upya jibu lake lote kwa Kiswahili, kisha akalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kumpelekea mwalimu, ambaye alilisoma na kumwambia akumbuke hivyo hivyo mwakani kwenye mtihani wa taifa.

Mzazi anayetaka kufanya kama wazazi hawa hahitaji kujua Jiografia. Karatasi ikirudi, achague swali moja tu ambalo mtoto amekosa, siyo yote. Amwambie mtoto alieleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, bila kutumia istilahi yoyote ya darasani. Amwulize kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi. Kama kuna kitu mezani kinachoweza kuigiza jambo hilo, iwe mchele, maharage au vikombe, wakitumie.

Na mtoto akiuliza swali linalogusa kazi ya mzazi au mipango ya familia, asikemewe. Mama wa Tegeta anasema laiti wangemwambia binti akae kimya siku ile, leo mawe yangekuwa yameshashushwa ufukweni.